Ushuhuda wa Mama Shalom

Mimi ni Muislamu wa Mombasa na mambo ya kanisani si yangu. Lakini Anastasie ni jirani yangu hapa Mansfield, Texas, na kazi ni mimi niliyemtafutia, kwa hiyo nina haki ya kukasirika.

Kisa kilianzia Houston, mtaa wa Alief. Alikwenda dukani na bintiye Shalom, mtoto ana homa. Kwenye ile mashine ya kujilipia mwenyewe, dawa ya mtoto ikabaki chini ya toroli bila kupitishwa. Mlangoni akatiwa pingu. Kesi ilitupwa, lakini kila alipoomba kazi ya kulea wazee, jina lake likikaguliwa, kule kukamatwa kwa wizi kunachomoza. Nani atamwachia mwizi bibi yake asiyejiweza? Basi miaka ikapita akibeba maboksi ghalani mpaka mgongo ukamwisha.

Mwishowe akapata wakili wa msaada, na jaji akaamuru rekodi yote ifutwe. Wakili akamwambia, ukiulizwa kama umewahi kukamatwa, jibu hapana, sheria imekuruhusu. Akahamia huku, nikampeleka kwa Bwana Kamugisha, Mhaya mwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Akachukuliwa alama za vidole, akatoka safi.

Na kazi aliiweza. Tulikuwa na bibi mmoja wa Kizungu, akitema chakula na kutuzaba makofi. Anastasie alimwimbia nyimbo za kwao Bukavu huku akimlisha, na bibi akala. Nilimwonea wivu, sisemi uongo.

Nilimwambia, "Mama Shalom, Mungu amekusitiri. Na wewe jisitiri."

"Hapana, Mama Lubna. Mungu akikufanyia kitu, utanyamaza? Ile ni kumwibia utukufu yake. Nilimuahidi: dossier ya polisi ikifutwa, nitatoa ushuhuda."

Kwetu mja akisitiriwa na Mola wake hajifunui. Kwao anapewa maikrofoni. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya kanisa lao kule Fort Worth, kitenge kipya, akaeleza yote kwa Kiswahili cha kwao Kongo, kila "wa" ikigeuka "ba": duka, pingu, seli, jaji. "Balisema mi mwizi, lakini Yesu alifuta dossier!" Watu wakaruka, vigelegele, kinanda juu. Na kamera ilikuwa ikirusha ibada mtandaoni, kama kila Jumapili.

Wiki haikuisha, Kamugisha akatuita ofisini, mimi kwa kuwa ndimi niliyemleta. Simu yake ilikuwa mezani, Anastasie yumo ndani yake, mikono juu. Mkewe ndiye aliyetumiwa hiyo video.

"Dada Anastasie, mimi sina ubaya na wewe," alisema. "Ila siwezi kuendelea na wewe."

"Boss, hata korti ilisema haiko. Background yangu ni clean."

"Ni clean kabisa. Ningekuwa sijui, ungefanya kazi hapa mpaka ustaafu. Lakini kesho pete ya bibi ikipotea, familia itaniuliza, ulikuwa unajua? Na mimi najua. Umenieleza mwenyewe, dada, mimi na kanisa zima."

Nilimwambia Kamugisha maneno ambayo mtu hamwambii bosi wake. Nilimuuliza kama yeye maishani hajawahi kusahau kitu ndani ya toroli. Yeye akaichukua simu yake, akaitia mfukoni. Anastasie ndiye aliyenishika mkono.

"Acha, Mama Lubna. We ungali na kazi."

Tukaenda kwa mchungaji kumwomba aiondoe ile video. Alitupokea vizuri, akatupa soda. Akasema ushuhuda ukishatolewa ni mali ya Bwana, kuna watu hadi Goma wametiwa moyo nao. "Jaji alifuta kesi, mama. Sasa unataka mimi nifute muujiza?" Anastasie akainamisha kichwa, akasema amina. Nilitamani kumzaba mtu kibao, na hata sijui yupi kati yao.

Akatafuta kwingine. Cedar Hill kuna Mama Cécile, Mkongomani mwenzake, naye ana nyumba ya wazee na alikuwa akitafuta mtu. Nikampeleka kwa gari langu, nikaketi naye. Njia nzima Anastasie alikuwa akiomba kwa sauti ya chini, na mimi nikaitikia amini moyoni, maana dua ni dua.

Mama Cécile alimtazama, akamtazama tena, kisha akainuka akamkumbatia kwa nguvu. "Ni weye wa ule ushuhuda! Nililia, mama, nililia sana!" Wakashikana mikono, wakaomba. Kuhusu kazi, alisema nafasi imeshajaa. Ilikuwa wazi asubuhi ile tulipompigia simu.

Akatusindikiza mpaka garini, bado amemshika Anastasie mkono.

"Nilituma ile vidéo kwa bote benye nyumba za bazee," akamwambia, "tangu hapa mpaka Houston. Bajue Mungu wetu anaweza."

Anastasie akamwambia merci.