Sifuri ya Wening

Sheria za kamera nilizitunga mimi, na sitamsingizia mtu. Darasa letu la vipaji lilikuwa na watoto ishirini na wawili, wote wa miaka kumi na mitatu au minne, waliochujwa kwa mitihani mitatu kutoka wilaya nzima. Tangu shule zifungwe kwa corona nilikuwa nikiwafundisha kupitia kompyuta, nimekaa mezani jikoni kwangu. Muhula wa kwanza kijana mmoja, Galih, alipata tisini na nane ya fizikia. Nilimsifu mbele ya wenzake. Mtihani uliofuata, paka wao akaparamia meza, kitambaa kikaanguka, na sote tukamwona shangazi yake amejikunyata chini ya meza, kitabu mkononi na miwani puani. Darasa lilicheka wiki nzima. Mimi sikucheka hata kidogo.

Ndipo nikaandika sheria. Kamera ionyeshe uso, mikono, na chumba chote nyuma ya mwanafunzi. Maikrofoni iwe wazi. Atakayetoka kwenye picha zaidi ya dakika moja, sifuri. Na shule ilikuwa na sheria yake ya zamani, nami nikaiongeza chini kwa herufi kubwa: sifuri katika somo lolote kuu, unaondoka darasa la vipaji, mwaka unaofuata unarudi darasa la kawaida. Wazazi wakanibandika jina, Bu CCTV, yaani Bibi CCTV. Walidhani silijui. Nililijua, na kusema kweli nililipenda.

Mtihani wa mwisho wa hisabati ulikuwa Alhamisi moja ya mwezi Juni, saa moja na nusu asubuhi. Ulikuwa mwaka wa pili wa corona, na hizo ndizo wiki zilizokuwa mbaya kuliko zote. Spika ya msikiti wa mtaani kwetu ilitangaza vifo asubuhi, mchana na jioni, mpaka tukaacha kusikiliza majina. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimemzika kaka yangu, au niseme wamenizikia, kwa maana tulisimama barabarani tukatazama gari likipita. Sielezi haya ili nionewe huruma. Naeleza ili ijulikane kwamba sikuwa mgeni wa msiba, na bado nilifanya nilichofanya.

Wening alikuwa kwenye kona ya chini ya kioo cha kompyuta yangu. Nilimwita Nduk, binti, kama tunavyowaita wasichana hapa kwetu. Baba yake, Pak Darmaji, yaani Bwana Darmaji, aliuza uji wa kuku. Kila asubuhi alisukuma mkokoteni mitaani akigonga bakuli kwa kijiko, ting ting ting, watu wakatoka na vyombo vyao. Hakuwa na haja ya kupaza sauti. Nyumba yao ni chumba kimoja, kwa hiyo kamera ya Wening ilionyesha kila walichokuwa nacho: kabati, birika, kalenda, na chini godoro. Siku hiyo juu ya godoro alilala mwanamume, chali, amevaa shati la batiki lililopigwa pasi likanyooka. Nikajisemea, huyu naye, batiki asubuhi mapema hii, anakwenda harusi ya nani? Kisha nikaendelea kuhesabu nyuso.

Saa mbili na dakika arobaini hivi, kijiko kikaanza kulia. Ting, ting, ting. Wening akageuza shingo.

"Wening!" nikasema. "Macho kwenye karatasi."

"Samahani, Bu, ni..."

"Ni muuza uji, nimemsikia. Uji utaula baadaye, Nduk. Au umwite atugawie sote?"

Darasa likaangua kicheko. "Mimi asinitilie pilipili, Bu!" kijana mmoja akadakia, wakazidi kucheka. Niliwaacha wacheke kidogo, maana watoto walikuwa wamechoka na mimi nilikuwa nimejifurahisha kwa utani wangu. Wening akainama. Kijiko kikalia tena, mara mbili, kisha kikaacha.

Alipata mia. Katika shule nzima, madarasa yote, mia ilikuwa hiyo moja.

Mchana ule ule ujumbe ukaingia kwenye kundi la wazazi. Innalillahi, Pak Darmaji, baba yake Wening, amefariki leo asubuhi nyumbani. Nikaandika pole kama walivyoandika wote, nikaweka na kile kipicha cha mikono miwili iliyofumbatana. Kuhusu shati la batiki sikuwaza lolote. Labda sikutaka kuwaza.

Siku kumi na moja baadaye, Jumatatu, karantini yao ilipokwisha, Wening alikuja kwangu kwa baiskeli. Nilikuwa naanika nguo. Alisimama nje ya uzio na barakoa mbili usoni, akakataa kuingia.

"Bu, nimekuja kuomba kitu kuhusu hisabati."

"Hisabati gani tena? Umepata mia, mtoto wewe. Mwalimu mkuu, Pak Hendarto, atakutangaza kwenye sherehe ya kufunga mwaka."

"Ndiyo hiyo, Bu. Naomba nipewe sifuri."

Nilidhani msiba umemchanganya. "Wenzako wananililia niwaongezee alama moja, wewe unataka nikuondolee mia?"

"Mama atakuja Ijumaa kuchukua ripoti." Alikuwa akibonyeza kengele ya baiskeli taratibu, isilie. "Siku ile alikwenda kupanga foleni ya oksijeni tangu alfajiri. Aliniambia nikae na Baba. Akasema mtihani niuache. Baba akasema la, fanya. Akaniambia nimvalishe batiki yake kwa sababu kamera itamwonyesha, asije akaniaibisha mbele ya mwalimu."

Nilishika waya wa kuanikia.

"Mama alirudi saa nne na mtungi umejaa," akasema. "Akaniuliza. Nikamwambia niliuacha mtihani. Nikamwambia nilimshika Baba mkono mpaka mwisho. Ndicho kitu pekee kinachomfanya ale, Bu. Kila anayempigia simu anamsimulia. Sasa sheria anaijua, aliisaini mwenyewe. Akiona mia, atajua sikutoka."

"Mwambie ukweli, Nduk. Mama ni mama."

"Ukweli upi, Bu? Kwamba nilikuwa swali la kumi na saba?"

Mimi nikibanwa hukasirika. Nikamwambia alama si nguo, huwezi kuivua kwa sababu inabana. Nikamwambia sifuri itamtoa darasa la vipaji, na baba yake hakusukuma mkokoteni miaka yote ile ili yeye arudi nyuma. Akasema anajua. Nikamwambia aende nyumbani. Akainamisha kichwa kunipa heshima, akapanda baiskeli, akaondoka. Ukweli wa moyoni ni kwamba mia ile niliiona yangu pia, na sikutaka kuitoa.

Hata hivyo nilimpigia Pak Hendarto, nikamwomba Wening arudie mtihani, tuifute ile alama kimyakimya.

"Arudie mia?" akasema. "Bu Sulasmi, katika darasa lako peke yake wamekufa wazazi wanne. Nikimfungulia mmoja mlango, wataingia wote. Alama zinafungwa Jumatano jioni. Uwe na huruma, lakini usinitafutie balaa."

Video ya mtihani ilikuwamo kwenye kompyuta. Tulitakiwa kuzihifadhi mpaka mwaka ufungwe, hiyo nayo sheria yangu. Niliketi pale pale jikoni nikaifungua, nikaikuza ile kona ya chini.

Kwa saa nzima Pak Darmaji hakufanya lolote ila kupumua, na kupumua kwenyewe kulikuwa kazi ngumu, batiki ikipanda na kushuka haraka haraka. Kando ya godoro palikuwa na bakuli la uji ambalo halikuguswa. Saa mbili na dakika arobaini mkono wake ulitoka kifuani, ukapapasa sakafu, ukakipata kijiko. Akagonga. Ting, ting, ting. Sauti haikutoka barabarani. Shingo ya Wening ikageuka, na hapo nikajisikia mimi mwenyewe, sauti yangu nzima, nimeridhika nayo: uji utaula baadaye, Nduk. Nikawasikia watoto wakicheka. Mkono uligonga tena mara mbili. Kisha kijiko kikabingirika, na mkono ukabaki wazi sakafuni, hatua mbili tu nyuma ya kiti cha mtoto. Wening aliandika mpaka saa tatu na nusu. Hakugeuka tena. Niliona bega lake moja likitetemeka kwa muda, kisha nalo likatulia.

Nikaizima.

Jumatano, dakika chache kabla alama hazijafungwa, niliifuta mia nikaandika sifuri. Pak Hendarto alinipigia simu hata sijanyanyuka kitini.

"Umeingiwa na wazimu? Mia pekee ya shule!"

"Alitoka kwenye picha, Pak."

"Uliniambia hakutoka mtu!"

"Sikuangalia vizuri."

"Wewe? Wewe hukuangalia vizuri? Basi darasani kwako hayumo tena. Sheria ni yako, usije ukanililia."

"Siji, Pak."

Ijumaa tuligawa ripoti uwanjani. Viti vilitenganishwa, ndoo za maji na sabuni getini, kila mzazi na saa yake. Nilikaa nyuma ya meza na kioo cha plastiki mbele yangu. Ripoti ya mtoto hapa kwetu huchukuliwa na mzazi, na zamani siku hiyo ilikuwa ya kujionyesha, akina mama na vitambaa vyao vya hariri. Mwaka huo walikuja wajomba, bibi, jirani mmoja. Shangazi yake Galih alikuja kwa sababu mama yake Galih hakuwapo tena. Hatukutazamana machoni.

Bu Tumirah, mama yake Wening, alifika saa yake barabara. Alikuwa amekonda, kanzu inamning'inia. Wening alisimama nyuma yake. Nikamkabidhi ripoti, akaifungua pale pale, kidole chake kikashuka na safu ya alama mpaka kikaifikia hisabati. Kikakaa hapo.

"Sifuri," akasema.

"Ndiyo, Bu. Pole sana. Alitoka kwenye mtihani, na sheria..."

"Usinipe pole, Bu Guru." Machozi yalikuwa yakiingia ndani ya barakoa na hakuyafuta. "Baba yake angekuwapo angenuna mwezi mzima, yule alivyopenda alama. Mimi namshukuru Mungu kwa sifuri hii. Mwanangu aliacha kila kitu akamshika baba yake mkono. Wangapi mwezi huu wamekufa wakiwa wameshikwa mkono? Niambie, wangapi?"

"Wachache, Bu."

"Atarudi darasa la kawaida, najua. Arudi. Nilimzaa kabla ya vipaji vyenu." Akacheka kidogo, akaikumbatia ripoti, akanyoosha mkono anishike, akakumbuka kile kioo cha plastiki, akaurudisha. Kisha akaenda kwa mwandishi wa shule kusaini.

Wening alibaki mbele ya meza.

"Asante, Bu."

"Usinishukuru."

Alitazama nyuma kuhakikisha mama yake yuko mbali. Kisha akasogea karibu na plastiki, na sauti yake ikawa ile ya darasani, ya mwanafunzi anayeuliza kitu ambacho kitabu hakikueleza.

"Bu, ile video umeitazama?"

"Nimeitazama."

"Mimi nilimpa mgongo. Kamera ndiyo iliyomwona. Baba aliniita?"

Nilikuwa nimejua kwamba ataniuliza. Nilikuwa nimejizoeza jibu tangu Jumatatu, nikiosha vyombo, nikiswali, hadi likatoka bila kukwama.

"Alikuwa amelala, Nduk. Alilala tu. Hakuamka."

"Muda wote?"

"Muda wote."

"Mikono yake?"

"Kifuani. Alitulia kabisa."

Wening aliitikia kwa kichwa, polepole. Nikadhani limepita. Nikaanza kutafuta ripoti inayofuata ili niwe na kitu cha kufanya.

"Mtaa wetu ulikuwa umefungwa kwa mianzi wiki nzima, Bu," akasema. "Mama tu ndiye aliyeruhusiwa kutoka, kwa ajili ya oksijeni, na hakuna mchuuzi aliyeruhusiwa kuingia. Hakuna muuza uji aliyepita."

Nilimtazama. Hakuwa na hasira, na ningeshukuru angekuwa nayo. Alikuwa akisubiri, kama alivyosubiri miaka miwili kila nilipokosea hesabu ubaoni, yeye ameshaliona kosa na anaona aibu kulitaja mbele ya watu.

"Wening!" mama yake akaita kutoka getini. "Njoo twende, Nduk, jua linapanda."

"Naja, Ma." Akainamisha kichwa kwangu, chini kabisa, kama siku zote, akamkimbilia. Mama yake akamshika mkono, nao wakavuka barabara hivyo.

Meza yangu ilikuwa na ripoti kumi na nne zaidi. Nikaita jina lililofuata, na ilinibidi niliite mara mbili.