Mtoto wa Kwenye Bango

Bhoke alikuwa akisuuza nepi kwenye bomba la Nyakato mafundi walipokuja kusimamisha bango. Walilichimbia kando ya barabara, mkabala na duka ambalo zamani watu walikuwa wakipanga foleni ya sukari na kurudi mikono mitupu. Sasa duka lilijaa vitu mpaka darini. Bango lilikuwa na mtoto mchanga mwenye mashavu ya duara, amekumbatia kopo la maziwa ya unga ya Nuru. Chini yake waliandika: MAMA ANAYEJALI HABAHATISHI.

"Maziwa yako unajuaje kama yanamtosha?" Wenceslaus, wakala wa kampuni, aliwauliza wanawake pale bombani, kwa upole kama mtu wa kanisani. Akampa kila mmoja kopo la kuonja.

Keraryo, mtoto wa kwanza wa Bhoke, alikuwa ananyonya na kushiba. Lakini swali lile lilimganda Bhoke kifuani, akaanza kumpa chupa. Kopo la bure lilipokwisha, matiti yake yalikuwa yamekauka. Mumewe, Machage, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba Bunda, akawa analeta kopo kila akipokea mshahara. Kopo liliisha kabla ya mwezi. Bhoke akapunguza unga, akaongeza maji.

Mtoto wa kwenye bango akaanza kunenepa.

Kwanza mabega yaligusa kingo za ubao. Kisha mguu ukatoka nje, ukaning'inia, na fundi viatu akahamishia kazi zake chini ya unyayo kwa sababu ya kivuli. Kampuni ikaleta mbao, ikaongeza upande mmoja.

Kliniki, mzani ulionyesha Keraryo amepungua tena.

"Unamlisha nini?" nesi aliuliza.

"Nuru."

Nesi akatikisa kichwa, akaandika uzito kwenye kadi. Nyuma yake ilining'inia kalenda ya Nuru.

Wakati wa kurudi, Bhoke alikaa kivulini kwa fundi viatu amnyweshe mwanawe. Keraryo alivuta chuchu ya chupa. Juu yao, koo la mtoto wa kwenye bango likameza.

Alimweleza jirani yake, Penina, naye hakushtuka. "Nimeona. Hata wangu nikimpa, anamezaga yeye."

"Sasa mbona unaendelea kumpa?"

"Mama Keraryo, kwani wewe hutaki wako awe vile?"

Bhoke akamfuata Wenceslaus dukani. "Huyu mtoto mama yake nani? Mbona hamjamchora?"

"Ile ni picha tu, mama."

"Picha haimezi."

"Hii inameza," alisema Wenceslaus, akipanga makopo. "Tungeweka ambayo haimezi, nani angenunua?"

Siku hiyo Bhoke alitupa chupa, akampikia mwanawe uji wa ulezi. Keraryo aliunywa kwa hamu, akamshika mama yake kidole. Lakini kuhara kulikuwa kumeshamwingia, na masika yalipoanza akafa. Walimzika Butiama, kwa kina Machage, kwenye kijeneza ambacho baba yake alikibeba peke yake bila kutafuta msaada.

Waliporudi Nyakato, wanawake wa bombani walikuja kumpa pole. Wenceslaus naye alikuja, amevaa shati jeupe, akaweka katoni ya makopo ya Nuru mbele ya mkeka wa Bhoke. Rambirambi ya kampuni, alisema. Akavua kofia, akasali nao, akaondoka.

Wanawake waliitazama ile katoni. Penina, mwanawe mgongoni, akasogea taratibu.

"Mama Keraryo, samahani. Hiyo utaitumia?"

Bhoke alimtazama yule mtoto. Shingo yake ilikuwa nyembamba, na kichwa kilimlemea.

"Katupeni ziwani," alisema. "Penina, wewe ulimwona akimeza. Katupeni."

"Pole, mama," Penina alisema kwa sauti ya chini. "Pole sana."

Akapiga magoti, akafungua katoni kwa uangalifu ili isichanike, na wenzake wakajipanga nyuma yake.