Kamba ya Kupimia

Ijumaa asubuhi, umande haujakauka, Kemilembe alikuwa ameshaziba matundu tisa. Yaliyobaki hakutaka kuyahesabu. Alikaa mchangani mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa, miguu ameinyoosha, wavu ameubana kwa dole gumba la mguu ili ukaze, mkononi ana sindano ya mti iliyolainika kwa miaka. Uzi ulikuwa wa katani, ameuchambua kwenye gunia la kahawa. Katani majini haina maisha. Siku ya kwanza inavimba, ya tatu inalegea, ya nne unavuta wavu unabaki na manyoya mkononi. Nyuzi nzuri, zile alizokuwa akizichomoa kwenye tairi bovu la lori la misheni, zilikwisha tangu Kwaresima. Tairi lenyewe sasa kuku wanataga ndani yake.

Wavu ulikuwa wa kikundi cha wavuvi wa kijiji. Mtumbwi ulikuwa wa wilaya, nao ulitolewa kwa sharti moja: kila Jumamosi vikapu viwili vya samaki, kimoja shule, kimoja zahanati. Jumamosi tatu mfululizo walikuwa wamepeleka kikapu kimoja, tena nusu yake furu wadogo wa kutafuna na miiba. Barua ikaja, ina mhuri. Vikapu visipotimia Jumamosi hii, mtumbwi unahamishiwa kijiji kingine chenye mwamko.

Jumamosi ilikuwa kesho.

Si kwamba samaki hawakuwepo. Protase, nahodha wao, aliwajua sato walipolala kama anavyoijua migomba yake. Lakini waliingia wavuni na kutokea upande wa pili kama watu wanaotoka misa.

"Ma Kemilembe, inuka! Lori limeshapiga honi mara mbili!"

"Nakuja, Ta Protase. Nifunge fundo hili tu."

Akafunga fundo, akaichomeka sindano kwenye mkunjo wa kanga kiunoni, akakimbia.

Safari ilikuwa ya Bukoba, kwa Bwana Samaki, afisa wa uvuvi. Kikundi kilikuwa kimeandika barua tatu kuomba uzi wa nailoni, zote kwa mwandiko wa Kemilembe, maana ndiye katibu, aliyemaliza darasa la nne kwa masista. Jibu lilikuja baada ya miezi saba: wafike wachague mashine moja ya kutafutia samaki, msaada wa marafiki wa nje, mwisho Ijumaa hii.

"Tumeomba uzi," alisema Protase juu ya lori, ameshikilia kofia isipeperuke, "wanatupa miwani."

Saa mbili walikuwa kwenye benchi la ofisi. Saa tatu ikapita. Stoo ya vifaa ilikuwa inafungwa saa nane na nusu, lori la kurudi linaondoka Rwamishenye saa tisa, na wavu uko mchangani na matundu yake. Kemilembe aliinuka, akaenda hadi mlangoni, akarudi, akakaa, akainuka tena.

"Kaa, mama, utalichosha benchi," alisema Muhidini, mtunza stoo, mzee wa mjini mwenye kofia nyeupe ya kushona kwa mkono.

"Limepumzika tangu uhuru, Mzee Muhidini. Leo lichoke."

Muhidini akacheka mpaka akashika funguo zake zisilie.

Bwana Samaki akafika saa nne na nusu. Jina lake Nathanael, kijana wa Kilosa, aliyehamishiwa mkoa wa Ziwa Magharibi miezi miwili tu iliyopita, viatu vyake vinang'aa kuliko kioo cha dirisha. Hakuwa mtu mbaya. Aliomba radhi kwa kuchelewa, akawaita ndugu, akaweka mashine mbili mezani.

Ya kwanza ilikuwa sanduku la bati la kijivu, kubwa kama mkate wa masista, na kioo cha duara mbele. Ndani ya kioo, taa nyekundu inazunguka, inamulika kwenye namba kila inapokuta kitu chini ya maji. Ya pili ilikuwa kubwa zaidi, ina mpini, na ndani sindano ya chuma inachora sakafu ya ziwa kwenye karatasi.

"Hii ya kuchora inakuja na betri ya gari, mpya," alisema Nathanael. "Ila karatasi zake bado ziko bandarini, Dar es Salaam."

Protase aliposikia betri ya gari, shingo ikarefuka. Nyumbani alikuwa na redio iliyonyamaza mwaka mzima.

"Sisi tunachukua hii ya kuchora," akasema.

"Mzee, ngoja kwanza muione nyingine ikifanya kazi."

Nathanael akafungua droo kwa ufunguo, akatoa betri nane za tochi, akazipanga kwenye sanduku la kijivu moja moja. Wakashuka ziwani, wakaingia mtumbwi wa ofisi, wakasogea kidogo tu kutoka ufukweni. Taa ikaanza kuzunguka. Mara ikawaka kwenye tano, na tena kwenye tatu.

"Tano ni sakafu," alisema Nathanael, uso umefurahi. "Hii ya tatu ni samaki. Kundi zima!"

Protase alikuwa na kifaa chake mfukoni: jiwe lenye tundu, limefungwa kamba ya mgomba, chini amelipaka mafuta ya ng'ombe ili tope ling'ang'anie. Akalishusha polepole, akalipandisha. Kwenye mafuta hapakuwa na tope, palikuwa na vipande vya majani meusi ya matete. Akavinusa.

"Bwana Samaki, hao samaki wako hawaondoki? Tumekaa hapa litania nzima, wao wanatutazama tu."

"Labda wamelala."

"Ni matete, baba. Yameoza, yamesimama majini. Hapa hata kamongo, samaki wa tope, hawezi kukaa." Akamwonyesha, kwa heshima, kama mtu anayemwonyesha mgeni choo kilipo.

Nathanael akavitazama vile vipande, akazima mashine. Wakarudi ufukweni. Ofisini Nathanael alizitoa betri zote nane, akazihesabu, akazirudisha kwenye droo, akafunga.

"Kumbe betri haziendi na mashine?" aliuliza Kemilembe.

"Betri ni za ofisi, mama. Mtajaza fomu, mtaagiziwa."

"Duka letu la ushirika halijaona betri tangu Pasaka. Watu wanaenda chooni wanapapasa."

"Ndiyo maana kuna fomu."

Hapo ndipo Kemilembe alipoiona. Nathanael alikuwa anafunga sanduku la kijivu kwenye mfuko wake wa turubai, na chini ya mfuko kulikuwa na kibao, na juu ya kibao kamba imezungushwa, nyeupe, nyembamba, inameta kama mafuta ya kondoo.

"Na hiyo?"

"Ah, hiyo ni kamba ya kupimia. Kwa kuwa mashine hii haichori, unashusha kamba kuhakikisha kina. Mita mia moja."

"Niishike?"

Akaishika. Vidole vyake vilijua kabla yake. Nailoni, msokoto wa nyuzi tatu. Akafungua ncha kidogo kwa ukucha: kila mmoja wa zile tatu ulikuwa na nyuzi nne ndani yake, na kila uzi ungeweza kumbeba sato mkubwa anayepiga mkia. Mita mia mara kumi na mbili.

"Tunachukua hii ya kijivu," akasema.

"Tunachukua ya kuchora," akasema Protase.

Nathanael akamwangalia Protase. "Nahodha ndiye mtumiaji, mama. Wewe ni katibu."

"Ni kweli, baba. Lakini anayesaini ni katibu." Kisha akamgeukia Protase na kusema kwa Kihaya, kwa sauti ya mtu anayekumbusha jambo la nyumbani, ili Bwana Samaki asielewe: "Ta Protase, bojo, nakusihi, hiyo redio yako itavua? Tazama kamba, usitazame sanduku. Kesho vikapu viwili."

Protase akaitazama betri ya gari, nyeusi, mpya, vishikio vyake vinang'aa. Akaitazama muda mrefu. Halafu akaitazama kamba.

"Ya kijivu," akasema.

"Mnaweza kuniambia sababu? Lazima niandike sababu."

"Ni kwa ajili ya vipimo," alisema Kemilembe. "Sisi tunapenda kuhakikisha."

Nathanael aliandika, ameridhika kabisa: Kikundi kimechagua kwa kuzingatia usahihi wa vipimo.

Ilikuwa saa nane na robo walipofika dirisha la stoo. Muhidini akafungua leja, akasoma kwa kidole: mashine moja, mfuko mmoja, kamba ya kupimia moja. Halafu akawasha mshumaa, akayeyusha lakiri nyekundu, akaidondosha kwenye fundo la kamba na kuigonga kwa mhuri.

"Ya nini hiyo tena?" Kemilembe aliuliza, na mkono ukamwenda kiunoni penye sindano.

"Amri, mama. Vifaa vya vipimo havifunguliwi mpaka mkaguzi awepo. Atakuja baada ya miezi mitatu. Saini hapa: imepokelewa, lakiri nzima."

Kemilembe akashika kalamu. Akaandika jina lake lote, herufi zimesimama wima kama masista walivyomfundisha.

Rwamishenye lori lilikuwa bado halijajaa. Dereva alisema robo saa. Kemilembe akazunguka nyuma ya kibanda cha fundi baiskeli, akakaa chini, akaitia lakiri mdomoni. Ilipasuka kwa meno kama mbegu ya boga. Akaitema vumbini.

"Shika ncha hii, Ta Protase. Nenda kinyumenyume. Zungusha kwenda kushoto."

"Kemilembe, umesaini."

"Zungusha."

Akazungusha. Mzee mzima na kofia yake akawa anarudi nyuma kando ya barabara, anasokotoa kamba ya serikali, na ule msokoto ukafunguka, tatu, halafu kumi na mbili, na Kemilembe anazikusanya kwenye kiwiko, anazikata kwa jiwe, anazikusanya tena. Mikono yake haikutulia hata kuondoa nzi usoni. Walikuwa wamefika nusu ya kibao pale kengele ya baiskeli ilipolia.

Alikuwa Muhidini, ofisi imefungwa, anarudi kwake. Alishusha mguu mmoja. Akaona kamba. Akaona kile chekundu vumbini.

Protase akabaki amesimama na ncha mkononi. Kemilembe ndiye aliyesema, bila kuacha kukusanya:

"Mzee wangu, kesho wanachukua mtumbwi."

Muhidini alishuka, akaiokota lakiri, akaigeuza, akaitia mfukoni.

"Leja ina mkono wangu pia," akasema. "Mnajua? Si wako peke yako."

"Najua."

"Mkaguzi akija atataka kuona kamba."

"Tutamwambia iko ziwani. Kamba ya kupimia inakaa wapi, jikoni?"

Yule mzee alikunja uso asicheke, akashindwa. Kisha uso ukarudi ulivyokuwa. "Kibao msikitupe. Kizungushieni kamba ya mgomba, muipake chokaa. Wale watu wanakagua wakiwa wamesimama mlangoni." Akapanda baiskeli. "Na mimi leo nilipita njia ya chini."

Lori likapiga honi. Kemilembe alipandishwa kwa mikono ya watu, akapata nafasi kati ya debe tupu na kikapu cha kuku, akaweka sanduku la kijivu chini na kulikalia. Lilikuwa kimo kizuri kwa kukalia. Protase alisimama karibu yake, ananyoosha shingo kama bado anaiona ile betri ya gari.

"Wakigundua, watakuita wewe," alimwambia kwa sauti ndogo.

Kemilembe alichomoa sindano kiunoni, akaanza kuijaza uzi mweupe, mzunguko juu ya mzunguko, mwili wote unayumba na lori, mikono haiyumbi. Alijua jina lake limebaki Bukoba, limeandikwa vizuri, mtu yeyote anaweza kulisoma.

"Waje Jumatatu," akasema. "Kesho nina wavu."

Lori lilipofika Izigo, njiani, sindano ilikuwa imejaa, naye alikuwa anauliza watu mle ndani nani ana kijiti kingine cha kuzungushia uzi.