Somo Juu ya Mtoto wa Murjan

Jumanne, tarehe nne Machi 1958, ndiyo siku mambo yalipomwendea kombo Murjan. Alfajiri mkewe Bakhita alimwamsha: mtoto wa siku tano amekataa ziwa, macho ya manjano kama bizari, mkojo mweusi kama chai ya rangi.

"Mfungeni vizuri, baridi tu hiyo," alisema Mabrouka, mama yake Murjan, akimzidishia mjukuu shuka ya ukoo.

Pale Kibra walikokaa, kila nyumba ya Wasudani, wazao wa askari wa Mzungu, ina sanduku la jeshi, na nguo kama hiyo ya kupokelea watoto hulala humo katikati ya vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, hadi azaliwe mwingine. Inachoma pua. Kwao hiyo ndiyo harufu ya mtoto mchanga.

Bakhita alikuwa ndani ya arobaini yake, havuki kizingiti. Murjan akambeba mwanawe kwa miguu hadi hospitali ya Waafrika. Langoni akazuiwa na karani, Kihara.

"Barua ya mzee wa mtaa iko wapi?"

"Mtoto anakufa, ndugu yangu."

"Wote wanaokuja hapa wanakufa. Nyinyi Wasudani mmezoea kubebwa na Mzungu. Leo jibebe!"

Foleni nzima ikacheka. Maskini akichekwa na maskini, bwana mkubwa analala usingizi mzuri.

Saa tano akapita daktari Mzungu na wanafunzi sita wa udaktari. Akaona yale macho, uso ukamng'aa.

"Huyu! Leta huyu!"

Murjan akamshukuru Mungu. Hakujua mtoto ameitwa afundishiwe, si atibiwe.

Wakamvua, wakamlaza mezani. Daktari akasomesha kwa Kiingereza, asijue kwamba Murjan amewapikia maofisa miaka kumi na mmoja, na anakielewa chote.

"Gerishon, nusa hiyo nguo."

"Dawa ya nondo, bwana," akajibu mwanafunzi.

"Safi. Damu ya hawa ina upungufu wa kurithi. Mama huubeba bila kuumwa, mtoto wa kiume ndiye huangushwa. Dawa ikipenya ngozini, damu inavunjika. Nguo ingefuliwa na kuanikwa juani kabla hajazaliwa, sasa hivi angekuwa ananyonya."

Murjan akakunja mkono wa shati. "Bwana daktari, toa damu yangu, mtie."

"Ngoja, boi. Tuko darasani."

Akaeleza ini, akaeleza ubongo, akauliza maswali. Aliyejibu vibaya akataniwa, wenzake wakacheka. Kisha Gerishon akaweka kiganja kifuani pa mtoto.

"Bwana, hapumui."

Daktari akatazama saa yake, akaitaja dakika ili waiandike. "Ni wa pili wa nyumba hii. Wa kwanza alifia hapa hapa mwaka juzi, na shuka inanuka vivyo hivyo. Kadi yake ninayo. Nililiambia darasa lile: subirini, atakuja mwingine."

Wakaandika na hilo.

Murjan akamfunika mwanawe kwa koti lake, shuka akaiacha sakafuni. Akasema kwa Kiingereza cha jikoni, polepole, kalamu zikasimama:

"Kutoka hapa hadi kwangu ni mwendo wa saa moja. Miaka miwili yote hiyo, nani kati yenu alipaswa kuja kuniambia?"