Maji Yaliyokataa Sabuni

Kwa miaka kumi na tisa Dobi alikuwa akifua mashuka ya nyumba za wageni na mashati ya wakubwa kwenye kijito nyuma ya soko. Kwa hiyo mke wa kaka yake, mpimaji katika maabara ya maji, aliposema kijito kile ni salama, Dobi aliangua kicheko.

"Wifi, kwani mnakipima lini?"

"Kila Jumatatu."

"Basi mnampima mgonjwa siku aliyopata nafuu. Njoo Alhamisi uone maji yanavyokataa sabuni. Unasugua mpaka vidole vinachubuka, povu hulioni."

Wifi yake alijua pa kutazama. Juu ya kijito kulikuwa na kiwanda cha ngozi kilichotumia chokaa kuondoa manyoya, na chokaa huyafanya maji kuwa magumu. Tena wakaguzi walikuwa wakikipelekea kiwanda barua kabla ya kwenda.

"Mimi nakuamini," alisema, "ila kamati ya mazingira inataka namba."

Akamletea chupa na daftari. Wiki kumi na mbili Dobi aliteka maji kila siku ya kazi, akaandika saa, rangi, na sabuni iliyomwishia. Wenzake walimwita Daktari wa Matope. Wiki ya tano aliteleza kwenye mawe, akateguka kifundo cha mguu. Mumewe alimsihi apumzike, lakini Dobi alikwenda akichechemea.

Majibu yalitoka: kila Alhamisi chokaa ilipanda mara saba.

Mbele ya kamati ya mazingira, mwenyekiti alifunua ripoti, akainua nyusi. "Sampuli zimechukuliwa na dobi?"

Meneja wa kiwanda alicheka, na wengine wakamfuata.

Dobi akasimama. "Ndiyo, mheshimiwa. Hilo shati lako nimelifua mimi. Kola haikutakata kwa sababu uliniletea Jumatano jioni, nikalifua Alhamisi."

Mwenyekiti aligusa kola. Sasa ukumbi mzima ulicheka, isipokuwa meneja.

"Sitaki mniamini kwa maneno," Dobi aliendelea. "Nendeni kiwandani keshokutwa, Alhamisi, bila barua."

"Utaratibu hauruhusu!" meneja alidakia.

"Utaratibu mmeuandika wenyewe. Uandikeni upya."

Alhamisi mwenyekiti alikwenda mwenyewe. Kwenye matete alikuta bomba likimwaga maji meupe kama uji. Mwezi haukuisha, kamati ikapitisha kanuni: ukaguzi wa kushtukiza, na kumbukumbu za wafuaji zitoshe kuuanzisha. Kiwanda kilipewa miezi sita kijenge mabwawa ya kusafishia maji.

Mwenye nyumba moja ya wageni, rafiki wa meneja, aliondoa mashuka yake kwa Dobi. Siku hiyo Dobi alilia jikoni kwa wifi yake, akanawa uso, kisha akauliza chupa nyingine zitapatikana lini.

Zilipopatikana, aliwaita wanawake wanne wanaofua chini ya daraja awafundishe. Mmoja alirudi nyuma. "Mimi hata kuandika sijui."

"Basi utachora," Dobi alimwambia. "Kaa hapa."