Kitufe cha Mia Moja na Kumi

Vénantie alibakiwa na kitu kimoja cha mumewe: redio kubwa ya mbao, ya zile zenye taa za kioo ndani, iliyotoka Ulaya zamani za wakoloni. Mumewe, Sibomana, alipotelea Kongo vita vilipovunja kambi za wakimbizi, mwishoni mwa 1996. Tangu hapo, kila Jumanne na Ijumaa, Vénantie aliketi mbele ya redio hiyo nyumbani kwa shemeji yake Harelimana, Kamembe, akisikiliza majina ya wanaotafuta ndugu zao.

Jumanne moja hakuwepo. Alikuwa Bugarama akivuna mpunga katika shamba la mumewe, ambalo Harelimana alilishika tangu vita. Aliporudi Ijumaa akachomeka redio. Ikawaka mwanga mkali, ikatoa moshi, ikanyamaza.

Akaibeba hadi kwa fundi Mudathiru. Fundi akaigeuza, akamwonyesha kitufe chenye namba mgongoni. Redio hizi, akaeleza, zilitengenezewa nchi zenye umeme usiolingana, na kitufe ndicho huchagua. Umeme wa hapa ni mia mbili na ishirini. Kitufe kilielekezwa mia moja na kumi. Taa zimepokea nguvu maradufu, zimeungua.

Vénantie akasema labda kimejizungusha.

"Hii haijizungushi, Maman. Inataka bisibisi na muntu mwenye kujua."

Harelimana ndiye aliyeiunganisha redio ile na umeme siku ya kwanza, akamwonya asikiguse kitufe hicho.

Vénantie alimkuta shemeji yake akila. Hakukana. Jumanne jina la Sibomana lilisomwa: yu hai, kambini mbali ng'ambo ya msitu, anamtafuta mkewe. Ijumaa lingesomwa tena, ndiyo maana akakizungusha kitufe. Na wapeleka ujumbe, wale wanaounganisha ndugu waliopoteana, walipofika kuuliza, yeye ndiye aliyewajibu.

"Nilibaambia ulikufa," alisema, macho kwenye sahani. "Lile shamba nimelilima miye."

Huyu ndiye aliyekuwa akimfariji kila jina lilipokosekana.

Jioni ileile akafunga nguo zake, akaenda kwa wapeleka ujumbe kuandikisha kwamba yu hai. Jibu lilikuja baada ya wiki tano. Sibomana alipokea habari ya kifo, akasema hana tena wa kumrudia, akaondoka na kundi lililoelekea magharibi. Walikofikia hakujulikani.

Akahamia Bugarama, akajenga kibanda pembeni mwa shamba. Harelimana alipokuja na wazee kuomba yaishe, Vénantie aliwapa wazee maji ya kunywa, akarudi kwenye mpunga wake.