Noti Moja ya Tausi

Jana usiku nililalia barua ya kuacha bendi, nikaota nimepanda mkono wa tromboni ya Mzee Ngonyani, ule bomba unaosukumwa na kuvutwa kubadili sauti.

Mzee Ngonyani ndiye aliyepanga muziki wote wa bendi yetu kubwa kwa miaka arobaini, akamgawia kila mpulizaji sauti yake. Mimi napuliza tromboni ya tatu, ile asiyoisikia mtu. Nilikuwa nimechoka.

"Mkono huu una vituo saba," ananiambia. "Shika vizuri, Tausi."

Anausukuma kidogo, tuko kambini Tabora, anapigia gwaride. Anausukuma tena, tuko ukumbini Morogoro. Watu wanacheza na sakafu inalalamika mgongo. Kituo cha tano ni studio ya redio. Kila tunapofika, anaandika kwa penseli, wala haandiki "tarumbeta ya kwanza." Anaandika: "Seifu, pumzi fupi, asikimbizwe."

Namwambia sijaona fundi kama yeye.

"Nyamaza. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji."

Kituo cha saba, mkono unapoishia, kuna nyumba iliyojengwa kwa noti za muziki. Naona ile yangu, nene, chini kabisa ya boriti.

"Nataka kuondoka, Mzee."

"Ondoka, mwanangu. Hakuna aliyekufunga kamba."

"Mimi nimebeba," inasema noti. "Chomoa taratibu."

Naichomoa. Tarumbeta zinalala upande, saksafoni zinamwagika, Morogoro inaangukia juu ya Tabora. Wachezaji ukumbini wanabaki mguu mmoja juu, wanangoja. Hakuna anayejua kilichopungua.

"Nani atairudisha?" nauliza, na kwa kweli naona aibu.

"Jina nilishaandika," anajibu, akichonga penseli yake.

Nairudisha mwenyewe. Ni nzito kuliko nilivyodhani. Watu wanashusha miguu na kuendelea kucheza, hata asante hawasemi.

Nikaamka kumekucha, midomo inauma kama niliyepuliza kutwa nzima. Nikapapasa chini ya mto. Barua ilikuwepo, na juu yake vumbi jeusi la penseli. Nikaigeuza. Nyuma palikuwa na mistari mitano ya muziki, noti moja nene, na mwandiko wa Mzee ninaoujua:

"Tausi, pumzi ndefu. Aishikilie mpaka wote wafike."

Nikaikunja, nikaitia kwenye kasha la tromboni, nikaenda mazoezini.